Baiskeli Iliyonunuliwa Siku ya Sabato

Mimi nikikwambia fremu ni mbovu, amini. Miaka kumi na minne nimekaa kando ya barabara hapa Rongo na spana mkononi, na mpaka leo kuna wanaume wanaosimamisha baiskeli mbele ya pua yangu na kuniuliza, "Fundi yuko wapi?" Huwa nawajibu, "Ameenda kujifungua, atarudi." Wengine hucheka. Wengine huondoka, na waende salama, kuna fundi mwingine ng'ambo ya barabara atakayewaharibia spoku vizuri tu.

Jina langu ni Benta, lakini stendi nzima inaniita Mama Terry kwa sababu ya binti yangu. Kazi hii aliniachia marehemu mume wangu, Gordon, pamoja na sanduku la vyuma na wateja wenye mdomo. Lakini leo sisemi habari zangu. Nasema habari za Nyamusi, na ukisikia sauti yangu inapanda, ujue nina hasira, na hasira yenyewe ni yangu kwangu mwenyewe.

Nyamusi ni binti wa Omwenga, Mkisii aliyehamia Rongo zamani kuuza ndizi. Ni familia ya Wasabato, na si wale wanaokumbuka kanisa wakati wa mazishi. Ijumaa jua likikaribia kuzama, pale kwao chungu kimeshaepuliwa, nguo zimeshapigwa pasi, na hata redio imenyamaza mpaka Jumamosi jioni. Kazi ya Nyamusi ni kusambaza mikate. Tangu ana miaka kumi na tisa, kila alfajiri isipokuwa Jumamosi, anafunga kreti mbili nyuma ya mamba, ile baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia, anaingia barabara za murram, zisizo na lami, kupelekea maduka ya vijijini. Mvua inyeshe, isinyeshe, mkate umefika.

Nilimjua siku aliyoniletea mamba nimtengenezee ile pini ya chuma inayoshika mkono wa pedali. Pini ilikuwa imepinda. Nikamuuliza, "Uliipiga na nyundo?"

Akasema, "Hapana, Mama Terry. Nilikuwa napanda kilima."

Nikacheka nikidhani ananidanganya. Baada ya miezi miwili akaniletea nyingine imepinda vilevile. Ndipo nikamfuata siku moja kwa pikipiki ya jirani, nijionee. Yaye! Msichana alipanda na kreti mbili za mikate, akawapita vijana wawili waliokuwa na baiskeli tupu, wala hakuinuka kwenye kiti. Mwenye pikipiki aliniambia, "Huyu akipewa baiskeli ya maana, hatutamwona tena." Maneno hayo yaliniingia na hayakutoka.

Mwaka huu yakaja matangazo. Timu moja ya waendesha baiskeli kutoka upande wa Bonde la Ufa ingefanya mchujo Homa Bay, siku ya Jumapili, kilomita sabini za murram kwenda upande wa Rangwe na kuzunguka kurudi mjini. Wanawake wawili wangechukuliwa, wapewe mahali pa kuishi, mwalimu na mshahara mdogo. Mwisho miaka ishirini na sita. Nyamusi alikuwa na ishirini na sita na angefikisha ishirini na saba mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo ilikuwa mara hiyo au basi. Na sharti lingine ni kwamba baiskeli lazima iwe na gia na breki mbili zinazoshika. Mamba ilikuwa imekatazwa kabla hata haijafika.

Alikuwa na elfu ishirini na nne, akiba ya miaka mitatu. Baiskeli mpya za murram, zile za usukani uliojikunja kama pembe za kondoo na tairi nene zenye meno madogo, Nairobi zinauzwa zaidi ya laki. Kwa hiyo ilibaki mitumba. Homa Bay kuna mtu anaitwa Bichage, analeta baiskeli za Ulaya zilizotumika, na tulisikia amefungua mzigo mpya wiki hiyohiyo.

Nyamusi alinijia na pesa zimefungwa kwenye leso. "Mama Terry, twende wote. Mimi najua kukanyaga tu, sijui kununua. Na pesa nishikie wewe, mimi naogopa stendi."

Nikazifunga kifuani, mahali ambapo mwizi akitia mkono atarudi nyumbani bila vidole.

Kosa la kwanza ni kwamba tuliondoka Ijumaa. Alilazimika kumaliza mikate kwanza, na tulipofika kwa Bichage ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Nyamusi alitazama simu yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Baada ya hapo sinunui."

"Muda ni mwingi," nikasema. Mdomo wangu huo!

Banda la Bichage lilikuwa limejaa baiskeli zimening'inizwa kwa gurudumu la mbele. Yeye mwenyewe ni mtu mnene, mchangamfu, anayekuita kastoma hata kama umekuja kuuliza njia. Za murram zilikuwa tatu tu. Moja ya buluu, inang'aa, breki za diski, nyaya zote zimefichwa ndani. Moja nyeusi, kubwa ajabu, ya mzungu mwenye miguu ya twiga. Na moja ya kijani iliyochubuka, cheni imeshika kutu, kiti kimeraruka, utepe wa usukani unaning'inia.

Nyamusi aliishika ile ya buluu na macho yake yakawa ya mtoto. Akaniuliza, "Mama Terry, si hii?"

"Ngoja," nikasema. "Usiolewe na rangi."

Nikaipindua. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikafuta pale chini paipu zinapokutana, penye mhimili wa pedali. Uchafu ulipotoka nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Ufa. Ukiikanyaga kwa nguvu mwezi mmoja, siku moja ungesikia pwaa, na meno yako yako barabarani.

Bichage akasema, "Aah mama, huo ni mkwaruzo."

"Mkwaruzo ni huu," nikamwambia, nikimwonyesha kovu la mkono wangu. "Ule ni ufa. Na hata kama si ufa, hizi diski zinataka mafuta yake maalumu na vifaa vyake. Ikiharibika Rongo, utanipelekea wewe?"

Kile kijeusi kikubwa tulikiacha, Nyamusi alipokaa vidole vya miguu ndivyo vilivyogusa pedali. Ikabaki ya kijani. Nikaanza kuikagua, na kumbe ilikuwa nzuri. Fremu ya chuma, imenyooka, haijachomelewa popote. Nafasi ya tairi nene ipo, kidole kinapita. Breki za kubana rimu, na raba zake napata hata sokoni Oyugis. Gurudumu la nyuma linayumba kidogo, hiyo ni kazi ya nusu saa. Kila kilichokuwa kibovu kilikuwa kitu cha kubadilisha. Kilichokuwa kizima ni kile usichoweza kubadilisha. Mtu mwenye pesa kidogo ananunua fremu, kiti kilichoraruka atakalia hivyohivyo.

Lakini mimi, fundi mzima, nilifanya ujinga. Niliishika muda mrefu mno. Bichage akaniona.

"Hiyo ni elfu ishirini na nane," akasema.

"Hiyo yenye kutu?"

"Mama, kama ni kutu tu mbona umeikumbatia?"

Basi tukaanza. Mimi kumi na nane, yeye ishirini na nane. Mimi ishirini, yeye ishirini na saba. Nikatukana cheni, nikatukana kiti, nikaenda mpaka mlangoni nikajifanya naondoka, nikarudi. Unajua mambo ya kununua yalivyo, hayana haraka. Lakini nyuma yangu Nyamusi alikuwa amesimama mlangoni anatazama ziwa, na maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Nilisikia hata pumzi yake.

"Ishirini na tano, mwisho," akasema Bichage.

"Ishirini na mbili."

"Mama, utaniua."

"Mama Terry," akasema Nyamusi. "Basi. Jua limezama."

Na hapohapo, nakuapia, hapohapo Bichage akapiga kofi kiti cha baiskeli akasema, "Haya, lete ishirini na nne, chukua!"

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kifuani. Nyamusi akaushika.

"Kesho jioni," akasema.

"Dakika moja tu!" nikamwambia. "Ni kutoa na kupokea!"

"Dakika moja imeshapita."

Bichage akatikisa kichwa. "Dada, mimi pia nilizaliwa humohumo kanisani, naelewa. Lakini kesho saa nne anakuja mwalimu mmoja kutoka Oyugis. Ameshaiulizia hii. Akija na pesa, sitamzuia."

Nyamusi akajibu, "Mungu akipenda nitaikuta." Akamtakia Sabato njema, akatoka. Nikamfuata nikiwa nimevimba.

Tulilala kwa binamu yake, Orina, hapohapo Homa Bay. Watu wema, walitupokea kwa nyimbo na chakula kilichopikwa mapema. Mimi ni Mkatoliki, nilikaa nao nikaitikia amina. Lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nawaza ule ufa wa ile ya buluu na yule mwalimu wa Oyugis. Nilimwona akishuka stendi. Nilimwona hata viatu.

Asubuhi walijiandaa kwenda kanisani. Nyamusi akaniuliza kama nitaenda nao. Nikasema mguu unaniuma. Akaniletea mto wa kuwekea mguu. Alinitendea hivyo.

Walipotokomea tu, nikasimama. Nikajiambia, mimi si Msabato. Mkono ni wangu na dhambi, kama ipo, ni yangu. Msichana amefanya kazi miaka saba na mikate ya watu mgongoni, sasa aikose nafasi yake kwa sababu ya mwalimu mwenye viatu? Nikatembea haraka mpaka kwa Bichage. Banda lilikuwa wazi. Kumbe Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Nikamlipa elfu ishirini na nne. Hakuhesabu hata mara mbili.

"Na yule mwalimu akija?" nikauliza.

"Nitamwambia amechelewa," akasema, akacheka.

Ningeondoka hapo, mambo yangekwisha. Lakini mikono ya fundi ni ugonjwa. Baiskeli ilikuwa mbele yangu na jua lilikuwa bado juu. Nikaazima spana. Nikanyoosha gurudumu, nikabadilisha nyaya za breki, nikaweka raba mpya, tairi mpya kwa pesa zangu, nikaosha cheni kwa mafuta ya taa mpaka ikalia vizuri. Mwisho nikafunga utepe mpya kwenye usukani. Huwa namaliza utepe kwa njia yangu. Nakata ukanda mwembamba wa tubu kuukuu, ule mpira wa ndani ya tairi, nauzungusha mara tatu, nafunga fundo kwa ndani ambako kidole hakigusi. Hakuna fundi mwingine Rongo anayefunga hivyo. Mamba ya Nyamusi nimeifunga hivyo mara ngapi sijui.

Nikamwambia Bichage, "Irudishe mahali pake. Jioni tukija, wewe hujui kitu."

Jioni, jua lilipozama na maombi ya kufunga Sabato kwisha, Nyamusi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Tulipoingia na kuiona bado inaning'inia, alifunika mdomo kwa mikono miwili. "Ipo," akasema. "Mama Terry, ipo!"

Nikamwambia, "Wewe itazame, mimi nitamlipa." Nikaenda na Bichage nyuma ya makabati, tukasimama huko tukitazamana kama wezi wawili, nikarudi nikisema tayari.

"Bichage amejitahidi kuitengeneza," Nyamusi akasema.

Mimi nikajifanya natazama tairi. Taa ya banda ilikuwa moja na furaha yake ilikuwa nyingi. Akaiendesha juu na chini pale barabarani, akibadilisha gia na kucheka mwenyewe kila cheni iliporukia meno mengine. Mimi sikuwahi kumsikia Nyamusi akicheka hivyo. Nikasema moyoni, Benta, umefanya jambo la maana. Usiku huo baiskeli ililala kando ya kitanda chake.

Jumapili asubuhi uwanja wa kuanzia ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa kama thelathini, wengine na baiskeli ambazo bei yake sitaki hata kuiwaza. Mbio zilikuwa zianze saa mbili kamili. Bichage naye alikuwa amekuja, ameweka mwavuli kando ya barabara anauza tubu na chupa za maji.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika nane. Nyamusi alikuwa amepanda, mguu mmoja chini, namba kifuani. Aliinamisha kichwa kuomba. Alipofungua macho, nikaona anatazama usukani. Akageuza kidole gumba, akagusa kwa ndani.

"Mama Terry."

"Eeh."

"Hili fundo ni lako."

Nikainama nikajifanya nakagua breki.

"Nilidhani ni Bichage. Ulilifunga lini? Usiku baiskeli ilikuwa chumbani kwangu."

Nilitafuta uongo, wallahi nilitafuta. Mimi niliyedanganya wateja maisha yangu yote kuwa vipuri viko njiani, siku hiyo nilikosa uongo wa kutosha. "Jana," nikasema. "Mchana."

"Na pesa?"

"Jana asubuhi."

"Mimi nikiwa kanisani."

"Ndiyo, nyathina, mwanangu. Ungeikosa."

Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. Alishuka kwenye baiskeli polepole kama mtu anayeinuka kando ya mgonjwa aliyelala, akaanza kuisukuma kuelekea kwenye mwavuli wa Bichage.

Nikamkimbilia. "Unaenda wapi? Wewe hukununua! Nilinunua mimi!"

"Pesa ilikuwa yangu, Mama Terry. Mkono wako, pesa yangu. Na ulikuwa mgeni nyumbani kwetu, na amri inamtaja hata mgeni. Sabato yangu ilikuhusu hata wewe."

"Mungu gani huyo anayehesabu hivyo?"

"Usiseme hivyo, tafadhali."

"Nitasema! Miaka saba unakanyaga! Mzee wa kanisa lako mwenyewe angekwambia panda uende, utatubu jioni!"

"Labda," akasema. "Lakini mimi siwezi kuikanyaga. Miguu itakataa."

Mtu mwenye kipaza sauti aliita wanawake wote mstarini. Nyamusi akamfikia Bichage, akamwegemezea baiskeli. "Shika. Nirudishie pesa yangu. Biashara ya jana haipo."

Bichage akamtazama, akanitazama. "Dada, una wazimu? Mbio zinaanza!"

"Nirudishie."

"Usimpe!" nikapiga kelele. "Bichage, usithubutu kumpa! Nyamusi, panda hiyo baiskeli! Panda!"

Na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Kama ningefunga mdomo, yule mtu angetoa pesa, angezipokea tena, na msichana angefika mstarini akihema tu. Lakini mimi nilimshika Bichage mkono. Nilishika ule mfuko wake wa kiunoni nikauzuia usifunguke. Nililia, nikamwita Nyamusi mjinga, nikamwita mtoto asiye na shukrani, watu wakageuka kutazama. Nyamusi alisimama tu akisema, "Mama Terry, mwache. Mama Terry, tafadhali, mwache."

Bunduki ikalia.

Wanawake wote wakaondoka. Nilisikia cheni zao zikipita nyuma yangu na vumbi likatufunika. Nikauachia ule mfuko.

Bichage akafungua mfuko wake. Akazihesabu noti mbele ya Nyamusi moja moja. Nyamusi akazipokea. Kwa muda huo baiskeli ile ilikuwa ya Bichage tena, na mimi nikakumbuka hofu yangu, nikaangalia huku na huku.

"Yule mwalimu wako wa Oyugis," nikamwambia Bichage. "Yuko hapa?"

Akainamisha macho. "Mwalimu gani, mama? Yale yalikuwa maneno ya biashara."

Mimi! Mimi niliyekua sokoni, ninayejua kila hila ya muuzaji, ninayecheka watu wanaoambiwa "ilibaki hii moja tu"! Niliamini kama mtoto. Kwa sababu nilikuwa naogopa. Baiskeli ingekuwa pale jioni hata kama nisingetoka kitandani.

"Unauza bei gani?" Nyamusi akamuuliza Bichage.

"Ishirini na nne."

"Shika."

Bichage alizipokea bila kuzitazama. Hakuna aliyebishana. Nyamusi akapanda, akavuka mstari peke yake. Mtu wa saa aliangalia saa yake akasema, "Dakika sita," akaandika.

Sitakueleza yale masaa matatu. Nilikaa chini ya mwavuli wa Bichage, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kreti. Kila mara waendesha pikipiki wa njia walirudi na habari. Wa kwanza akasema kuna mmoja wa kijani yuko mwisho kabisa. Baada ya muda mwingine akasema yule wa kijani amepita kumi. Kisha mwingine akaja anacheka, "Yule wa kijani anakula watu kwenye vilima, hana hata habari na mawe." Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Baiskeli ilikuwa imeshika. Gurudumu langu lilikuwa limenyooka. Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikiomba kwa watakatifu wote ninaowajua.

Saa tano na dakika kidogo wakaanza kuonekana. Wa kwanza alikuwa msichana mrefu wa nguo nyekundu. Akapita. Wa pili alikuja peke yake, akipepesuka, kichwa kinacheza. Akapita. Nikatazama barabara, hakuna mtu. Halafu nikaiona rangi ya kijani ikitokea kwenye kona, na nikapiga mayowe mpaka koo likakauka. Alikuwa anakuja kwa kasi kuliko wote wawili. Lakini mstari ulikuwa umeshavukwa na wawili.

Dakika moja na sekunde arobaini nyuma ya wa pili. Ndivyo walivyosoma.

Nilimvamia mtu wa saa. Nikamwambia atoe zile sita, ahesabu mwenyewe, kama anajua kutoa hesabu, aone nani alikuwa na mbio kali kuliko wote. Alikuwa kijana mpole. Akasema, "Mama, tunahesabu kuanzia bunduki. Yeye mwenyewe alisaini sharti hilo." Nikamuuliza kama anajua msichana huyu anatimiza ishirini na saba mwezi wa kumi na moja. Akasema pole. Akasoma majina mawili kwenye kipaza sauti, na la Nyamusi halikuwemo.

Mkono ukanigusa bega. Alikuwa Nyamusi, uso wote vumbi isipokuwa mistari miwili mashavuni. "Mama Terry, twende."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu wa kumpigia kelele tena.

"Nyamusi," nikasema, "zile dakika sita si zako. Wala si za Bichage. Ni zangu mimi."

Nakwambia ukweli wangu, nilitaka akatae. Nilisimama pale nikisubiri aniambie, hapana mama, usijilaumu, ni mipango ya Mungu, kama watu wanavyoambiana. Kama angesema hivyo ningelia nikapumzika.

Alinitazama usoni. Hakuwa na hasira, na hakuwa na uongo.

"Najua," akasema.

Kisha akaanza kuisukuma baiskeli yake kuelekea stendi, nami nikamfuata.